Irabu Zilizopotea Njiani: Kuhama Hati, Mashine na Programu katika Mwambao wa Bagamoyo

1. Utangulizi

Mijadala yetu kuhusu istilahi kwa desturi huanza na neno lenyewe. Huulizwa neno limetoka wapi, limeundwa kwa kanuni gani, na kama linastahili kusanifishwa. Makala haya yanakusudia kuanza upande mwingine, yaani upande wa chombo. Mwandishi anapoacha kalamu akashika taipureta, au anapoacha kompyuta moja akanunua nyingine, ni kitu gani huhama pamoja naye, na ni kitu gani hubaki nyuma?

Swali hili si la mafundi peke yao. Mfasiri ambaye faharasa yake ya miaka kumi haifunguki katika programu mpya amepoteza kazi yake, hata kama maneno yenyewe bado yamo katika kamusi za watu wengine. Mtumishi wa Serikali ambaye jalada lake la zamani limejaa herufi zisizosomeka hawezi kumjibu mwananchi aliyekuja kudai haki yake. Mwambao wa Bagamoyo, Saadani, Pangani na Tanga una mfano mzuri wa mambo haya, kwa sababu watu wake wamehama zana za maandishi mara nyingi zaidi kuliko tunavyokumbuka, na kompyuta ni zana ya mwisho tu katika safari hiyo.

2. Hati za pwani na uhamaji wa kwanza

Kabla ya utawala wa Wajerumani, na hata katika miaka yake ya mwanzo, maandishi ya Kiswahili mwambaoni yalikuwa kwa herufi za Kiarabu. Mikataba ya mashamba, barua za wafanyabiashara wa misafara, tenzi na nyaraka za maliwali zote ziliandikwa hivyo. Bagamoyo, iliyokuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi 1891, ilikuwa na waandishi na walimu wa vyuo vya Kurani walioijua kazi hiyo barabara. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, alitoka katika mazingira hayo. Kitabu chake juu ya desturi za Waswahili kilipotolewa na Carl Velten mwaka 1903 kilikuwa kwa herufi za Kilatini.

Ndani ya muda wa kizazi kimoja tu hati ilibadilika. Shule ya Serikali ya Tanga, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1890, ilifundisha makarani na walimu kwa herufi za Kilatini. Gazeti la Kiongozi, lililochapwa huko huko Tanga tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, lilizieneza herufi hizo miongoni mwa wasomaji. Aliyetaka ukarani hakuwa na budi kujua hati mpya.

Uhamaji huu ulikuwa na faida yake na hasara yake. Faida ilihusu irabu na baadhi ya konsonanti. Katika herufi za Kiarabu, alama ya kasra husimama mahali pa i na pia mahali pa e, na dhamma husimama mahali pa u na pia mahali pa o. Tena herufi ya b iliweza kusomwa b, au p, au mb, isipokuwa pale mwandishi alipoongeza nukta au alama za ziada. Msomaji aliyeijua lugha vizuri aliongozwa na muktadha, asiyeijua alibahatisha. Herufi za Kilatini ziliondoa utata huo.

Hasara ilikuja baadaye, na ilikuwa kubwa. Wajukuu wa watu walioandika hati zile hawakuweza kuzisoma. Hati ya shamba la minazi iliweza kukaa sandukuni bila kuharibika hata kidogo, lakini ikawa kama haipo, maana aliyeirithi hakujua kuisoma na ofisi aliyoipeleka haikujua pia. Karatasi ilikuwa nzima na wino haukufutika. Kilichopotea ni ujuzi wa kuifungua. Ndiyo maana kazi iliyofanywa na J.W.T. Allen na wenzake ya kukusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu kwa ajili ya maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambayo orodha yake ilichapishwa mwaka 1970, inastahili kuheshimiwa na kila mtu anayeshughulikia lugha. Utenzi wa Hemedi bin Abdallah el-Buhriy kuhusu vita vya Wadachi ni mmoja kati ya maandishi yaliyotufikia kwa sababu alipatikana mtu wa kuyahamisha kutoka hati moja kwenda nyingine.

3. Chapa, taipureta na bahati ya tahajia sanifu

Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki ilianza kazi yake mwaka 1930. Mara nyingi tunaukumbuka uamuzi huo kwa habari ya lahaja. Yafaa tuukumbuke pia kwa habari ya tahajia.

Kulikuwa na njia nyingine za kuandika. Padre Charles Sacleux wa shirika la Roho Mtakatifu, ambalo lilifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, alikusanya msamiati wa pwani kwa uangalifu usio na kifani, na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa ilitolewa mwaka 1939. Alitumia alama nyingi za matamshi ili kutofautisha sauti ambazo tahajia ya kawaida haizitofautishi. Kwa mwanaisimu kazi ile ni hazina. Lakini kama alama zile zingeingia katika tahajia ya kila siku, kila taipureta iliyoagizwa kutoka Ulaya ingehitaji kutengenezwa upya.

Tahajia sanifu haikuhitaji hata alama moja juu ya herufi. Sauti ya ng' ilipewa ritifaa, ambayo ilikuwapo tayari katika kila mashine. Kwa sababu hiyo taipureta iliyotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza iliandika Kiswahili siku ile ile ilipotolewa sandukuni. Baadaye, mfumo wa Wamarekani wa kuzipa herufi namba ndani ya kompyuta, uliowekwa mwaka 1963, nao ulitosha Kiswahili bila nyongeza yoyote. Lugha jirani zenye irabu zenye alama juu yake zilipata taabu ya miaka mingi kila zilipohamishwa kutoka mashine hadi mashine.

Pamoja na zana hizi yalikuja maneno, na maneno hayo yana mafunzo kwa wanaistilahi. Chapa lina asili ya Kihindi. Kwanza lilihusu muhuri na mashine ya kupigia vitabu, na Mpigachapa Mkuu wa Serikali akabaki na jina hilo. Kisha likahamia kwenye taipureta, watu wakasema kupiga chapa kwa maana ya kuandika kwa mashine. Hati, iliyokuwa na maana ya mwandiko, ilizaa hatimkato walipohitajika watu wa kuandika upesi maneno ya mkutano. Neno mhazili likashika kazi ya ofisi, na Chuo cha Uhazili Tabora kikalieneza nchi nzima. Jalada, lililohusu ngozi ya kufungia kitabu, likawa mahali pa kuwekea barua za shauri moja.

Mfano ulio bora kuliko yote ni simu. Mwaka 1890 waya wa chini ya bahari uliiunganisha Unguja na Bagamoyo na Dar es Salaam. Neno simu lina asili ya Kiajemi, ambako linahusu waya. Waya ulipoachwa katika upelekaji wa habari, watu walisema simu ya upepo bila kuona kwamba wanajipinga wenyewe. Leo mvuvi wa Bagamoyo ana simu mfukoni isiyo na waya wowote, na neno ni lile lile. Chombo kimebadilika mara nne au tano, na neno halikubadilika hata mara moja, kwa sababu watu waliliambatanisha na kazi ya kupelekeana habari, wakauacha waya uende zake.

4. Kuingia kwa kompyuta

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965; aina yake ilikuwa ICT 1500. Kazi yake ilikuwa hesabu, wala si barua. Katika miaka iliyofuata, jitihada za kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine mpya zaidi zilileta matatizo, na mwaka 1974 Serikali ikazuia uingizaji wa kompyuta nchini. Zuio hilo lilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980. Kwa hiyo jambo la kuhama kutoka kompyuta moja kwenda nyingine si jambo geni kwetu, na gharama yake ilijulikana hata kabla kompyuta ndogo za mezani hazijafika ofisini.

Kompyuta ndogo zilipofika, nyingi zilikuja na WordStar, programu ya kuandikia iliyotolewa kwanza mwaka 1978. Baada yake ikaja WordPerfect, kisha Word ya kampuni ya Microsoft, na hasa baada ya Windows 3.1 ya mwaka 1992 na Windows 95. Mwandishi wa makala haya amezipitia zote, kwanza katika ofisi za Dar es Salaam na baadaye Bagamoyo, kwa kazi ya kufasiri na kukusanya msamiati. Amejifunza kwamba kila uhamaji una ushuru wake. Diski laini za inchi tano na robo, zilizochukua takriban kilobaiti 360 kila moja, hazikuingia katika mashine zilizofuata, na unyevu wa pwani uliziotesha ukungu. Zile za inchi tatu na nusu zilikuwa imara zaidi, lakini nazo zilifuata njia hiyo hiyo.

5. Irabu zilizopotea

Hasara ya diski yaonekana kwa macho. Iliyo ya hatari zaidi ni ile isiyoonekana mara moja, na hapa pana jambo linalohusu Kiswahili hasa.

Mfumo wa namba za herufi uliotajwa hapo juu ulitumia nafasi saba tu kati ya nane zilizokuwamo katika kila baiti. WordStar iliichukua nafasi ya nane kwa matumizi yake yenyewe: iliitia alama herufi ya mwisho ya kila neno, ili iweze kupanga mistari vizuri ukurasani. Ndani ya WordStar alama hiyo haikuonekana. Faili lilipofunguliwa katika programu nyingine, namba ya herufi ya mwisho ilikuwa imeongezeka kwa 128. Herufi a, ambayo namba yake ni 97, ilisomwa kuwa 225. Na katika Windows namba 225 ni á. Kwa njia hiyo hiyo e iligeuka å, i ikawa é, o ikawa ï, na u ikawa õ.

Katika Kiingereza, ambacho maneno yake huishia kwa herufi za kila namna, kasoro hiyo ilikuwa usumbufu tu. Katika Kiswahili karibu kila neno huishia kwa irabu, na irabu hiyo ndiyo yenye kubeba maana. Sentensi "Mwalimu asome barua" ilitokea kioni kama "Mwalimõ asomå baruá".

Mtu mwenye subira aliweza kuisoma. Lakini katika ofisi moja karani, kwa nia njema kabisa, aliiamuru mashine ifute herufi zote ngeni ili kurasa zipendeze. Orodha ya istilahi iliyokusanywa kwa miaka kadhaa ikabaki na vigogo vya maneno. Aliyesoma walip hakujua kama ni walipe, yaani amri, au walipa, yaani habari. Mkop aliweza kuwa mkopo, ambao ni fedha, au mkopi, ambaye ni mtu. Mtunz aliweza kuwa mtunzi wa kitabu au mtunza nyaraka. Katika mkataba au waraka wa Serikali tofauti hizo ndizo haki ya mtu.

Msomaji atatambua kwamba huu ndio ugonjwa ule ule wa hati za zamani. Karani wa Pangani aliyesoma waraka wenye kasra moja kwa i na e, na mfasiri aliyesoma faili la WordStar lililofutwa herufi zake za mwisho, wote wawili walitafuta irabu isiyokuwapo. Tofauti ni kwamba karani wa Pangani alikuwa na msaada wa mwandishi aliye hai na wasomaji waliozoea. Mfasiri alikuwa peke yake na kioo.

Dawa yenyewe ilikuwa rahisi sana: kupunguza 128 katika kila namba iliyozidi 127, na irabu zote hurudi mahali pake. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla ya kufuta, herufi zile ngeni zilikuwa zinasema nini. Hapa ndipo kazi ya fundi na kazi ya mwanalugha zinapokutana.

6. Sura ya Kiswahili na tatizo la majina mengi

Kwa miaka mingi mtumiaji aliandika Kiswahili ndani ya programu iliyozungumza Kiingereza. Programu iliyokagua tahajia ilipigia mstari mwekundu kila neno la Kiswahili, kana kwamba ukurasa mzima ulikuwa makosa. Mwalimu aliyejifunza kompyuta katika hali hiyo alijifunza pia kwamba lugha yake haimo katika chombo.

Mwishoni mwa 2004 hali ilianza kubadilika. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu huria ya ofisi yenye maelekezo ya Kiswahili. Baada ya hapo Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya Windows XP na Office 2003. Mtumiaji wa kwetu akaona kioni maneno kama hifadhi, hariri na faili.

Neno hifadhi linastahili kuangaliwa. Katika vyuo vya Bagamoyo, kuhifadhi kulikuwa kuweka Kurani moyoni, ubao ukifutwa na maneno yakabaki. Mtu anayeibonya hifadhi leo anaiamuru mashine iweke maandishi katika kumbukumbu yake hata umeme ukizimwa. Maana imehama pamoja na neno bila kuvunjika, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Si maneno yote yaliyopata bahati hiyo. Kwa chombo chenyewe tuna kompyuta, tarakilishi na ngamizi. La kwanza limeenea Tanzania kwa watu wote. La pili limekaa imara katika shule za Kenya. La tatu limeandikwa na wataalamu lakini halikushika sokoni. Kwa kifaa cha kuelekezea kioni tuna kipanya na puku. Kwa siri ya kufungulia tuna nenosiri na nywila. Kanuni zetu za kuunda istilahi, za kutazama kwanza Kiswahili chenyewe, kisha lugha za Kibantu, kisha lugha nyingine, ni kanuni njema. Zimetupa ikulu kutoka Kinyamwezi na ngeli kutoka Kihaya. Lakini maneno hayo yaliingia katika mambo ambayo hayakubadilika kila mwaka. Programu hubadilika. Kila toleo jipya huja na maelekezo mapya mia kadhaa yanayohitaji tafsiri, na kama kikundi kilichofasiri toleo la kwanza kimekwisha tawanyika, mfasiri wa pili huanza upya kwa maneno yake mwenyewe.

Jambo hili si la kinadharia. OpenOffice yenyewe ilibadilisha mwenye mali mwaka 2010, na mwaka huo huo baadhi ya watengenezaji wake wakajitenga na kuanzisha LibreOffice. Msaada kwa Windows XP ulikoma Aprili 2014. Mwalimu aliyezoea sura ya kwanza ya Kiswahili alilazimika kuhama, na alipofika aliona kitendo kile kile kina jina jingine. Wengi waliona ni nafuu kurudi kwenye Kiingereza, ambacho majina yake, ingawa ni ya kigeni, hayakubadilika. Hivyo istilahi ya Kiswahili hukataliwa hata inapokuwa nzuri, kwa sababu haimfuati mtu anapohama.

7. Mapendekezo

Kutokana na historia hii yafaa mambo machache yatiliwe mkazo.

Kwanza, faharasa na orodha za istilahi zihifadhiwe katika maandishi matupu yasiyo na mapambo ya programu yoyote, na nakala ya pili iwe katika mfumo ulio wazi, kama ule wa hati za ofisi uliopitishwa na shirika la viwango la kimataifa mwaka 2006. Alfabeti yetu haina anasa. Tuitumie faida hiyo.

Pili, ofisi inapobadilisha programu, mashine ya zamani isiondolewe mpaka mafaili ya mfano yamesomwa na mtu anayejua lugha. Mafaili hayo yawe na maneno yanayoishia kwa irabu zote tano, na yenye ng', ili kasoro ionekane mapema. Herufi ngeni zisifutwe kabla hazijaelezwa.

Tatu, kila istilahi ya kompyuta iorodheshwe pamoja na programu zilizoitumia, mwaka iliotumika, na neno lililoitangulia. Mfasiri wa toleo jipya aanze kwa kusoma orodha hiyo. Akitaka kubadilisha neno, atoe sababu.

Nne, katika kuchagua kati ya maneno yanayoshindana, tutazame kazi kuliko umbo la kifaa. Neno lililoshikamana na kazi, kama simu na hifadhi, huvuka kutoka chombo hadi chombo. Neno lililoshikamana na umbo huzeeka na kifaa chake.

Tano, hati za herufi za Kiarabu zilizobaki katika nyumba za mwambao zisomwe na kunakiliwa kwa herufi za Kilatini wakati wasomaji wake wangali hai, na hati asilia itunzwe pamoja na nakala. Ni faili la mfumo wa zamani, na wanaojua kulifungua wanapungua kila mwaka.

8. Hitimisho

Tumezoea kusema kwamba Kiswahili kinajitosheleza kwa mahitaji ya sayansi na utawala. Kauli hiyo ni kweli kwa upande wa uundaji wa maneno. Kwa upande wa utunzaji wake kazi bado ipo. Mwambao huu umehama hati mara moja na mashine mara nyingi, na katika kila safari kilichoachwa nyuma ni kile ambacho hakuna aliyepewa dhamana ya kukibeba. Wafasiri, walimu na watumishi wa umma ndio wenye dhamana hiyo leo, nayo huanza na jambo dogo sana: kufungua faili la zamani kabla halijasahauliwa, na kuangalia kama kila neno bado lina irabu yake ya mwisho.